Koti la Baba: kisa cha wiski iliyokimbizwa kwenye mapipa madogo

Kisa hiki kilitokea Kentucky, Marekani, kwenye kiwanda kidogo cha wiski ambako nilikuwa nikifanya kazi ya maabara. Jina la kiwanda, mji na majina ya watu nimeyaondoa, na tarehe nimezigeuza kuwa miezi tangu siku ya kujaza mapipa. Ninakiandika kwa Kiswahili kwa sababu Lexington na Louisville zina Wakongo wengi wanaoongea lugha hii, na mmoja wao, mzee wa Lubumbashi aliyekuwa mkuu wa ghala letu, ndiye aliyeliona tatizo kabla ya vipimo vyangu. Sababu ya pili ni harufu zenyewe. Nazi, karafuu, vanila, ndizi mbivu: pipa la mwaloni linatoa mambo ambayo mtu wa pwani ameyajua tangu akiwa jikoni kwa mama yake.

Usuli

Sheria ya Marekani inataka bourbon, ile wiski ya mahindi tuliyokuwa tukitengeneza, itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikenekwe, yaani igeuzwe mvuke na kupozwa mtamboni, isizidi asilimia 80 ya kileo, iingie pipani isizidi asilimia 62.5, na pipa liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani kwa moto. Kitu pekee kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji. Umri wa chini haukuwekwa kwa bourbon ya kawaida. Ikitaka kuitwa "straight" lazima ifikishe miaka 2, na ikiwa chini ya miaka 4 umri wake uandikwe kwenye lebo.

Hapo penye kukosekana umri wa chini ndipo hadithi yetu inapoanzia. Kiwanda kilikuwa na miaka miwili tu, kikijikimu kwa kuuza pombe ya jini (gin), na deni la mtambo lilikuwa likidai kila mwezi. Pipa la kawaida la bourbon, galoni 53, yaani lita 200 hivi, linahitaji miaka minne na zaidi ndipo litoe kitu cha kujivunia. Tajiri wetu alikuwa amesikia kwamba pipa dogo hufanya kwa mwaka mmoja kazi ambayo kubwa hufanya kwa minne. Akaagiza mapipa madogo 40 ya galoni 10, lita 38 kila moja, na makubwa 12.

Hesabu iliyomshawishi ni ya kweli. Pipa likipungua ujazo, eneo la mbao linalogusa kila lita ya pombe huongezeka. Kutoka lita 200 kwenda 38, kila lita inagusa mbao mara 1.7 zaidi. Mbao nyingi kwa pombe kidogo: itaiva haraka. Nami niliiona hesabu hiyo na sikuipinga.

Siku ya kujaza

Ilikuwa Aprili. Mchanganyiko ulikuwa asilimia 70 mahindi, 20 rai (nafaka ya rye) na 10 kimea cha shayiri. Mapipa yote, madogo kwa makubwa, yalichomwa ndani kwa kiwango cha 4, ambacho ni moto wa karibu dakika moja mpaka uso wa mbao unapasuka vipande vipande kama magamba ya mamba. Pombe iliingia kwenye asilimia 62.5, kileleni kabisa mwa kile sheria inachoruhusu, kwa sababu pombe kali huchukua nafasi ndogo na kila pipa lina bei.

Uamuzi mwingine ulifanyika kwenye mtambo siku chache kabla, nao haukuandikwa popote. Anayepika pombe kali anajua kwamba kinachotoka kwenye mtambo hakifanani mwanzo hadi mwisho. Kuna kichwa, chenye vitu vyepesi vya kuchoma pua, asetaldehaidi na ethaili asetati. Kuna moyo, ndio unaotafutwa. Halafu kuna mkia, wenye alkoholi nzito, asidi za mafuta na harufu ya kitambaa kibichi kilichosahaulika kwenye ndoo. Mpishi wetu aliuachia moyo ukaingia mkiani kuliko kawaida. Alipata lita nyingi zaidi, na aliamini kwa dhati kwamba mkaa ulio ndani ya pipa ungesafisha uliobaki.

Nilichukua chupa moja ya kioo ya pombe hiyo mpya, nikaifunga kwa nta na kuiweka kabatini gizani. Sikuwa na mpango mkubwa nayo. Nilifundishwa tu kwamba usianze safari bila kuacha alama ya ulikotoka. Siku ile ilikuwa nyeupe kama maji, ikinuka mahindi ya kuchemsha, pea mbichi, ndizi mbivu kidogo, na chini yake kitu cha kabichi iliyopikwa sana: hicho cha mwisho ni salfa.

Ghala lilikuwa jengo la bati, sakafu moja. Mapipa makubwa yalikaa chini, kwa kuwa ni mazito. Madogo yalipandishwa kwenye rafu za juu, karibu na paa.

Miezi ya mwanzo

Julai, mwezi wa tatu, tulichota sampuli ya kwanza kwenye mapipa madogo. Rangi ilikuwa ya asali. Tajiri aliinua glasi dirishani, akaipiga picha na kuwatumia wakopeshaji siku hiyohiyo. Kipimajoto cha rafu ya juu kilisoma nyuzi 48.

Oktoba, mwezi wa sita, rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, ile ambayo ukiitazama kwenye glasi huoni vidole vya upande wa pili. Mapipa makubwa yalikuwa bado ya kahawia hafifu. Watu watano walionja siku hiyo, na wanne wakasema tumefaulu. Mzee wa ghala alinusa, akaiweka glasi mezani bila kuonja, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi ili wengine wasisikie:

"Ndugu, hii rangi ni ya mukubwa. Lakini kwa pua, iko mutoto. Huyu mutoto alivaa koti ya baba yake."

"Mzee, una uhakika? Vanila imo ya kutosha."

"Vanila iko kwa koti. Fungua vifungo, utaona."

Kufungua vifungo maana yake ni kutia maji. Waonjaji wa wiski hupunguza sampuli hadi karibu asilimia 20, kwa sababu kwenye nguvu ya pipa kileo chenyewe kinaziba pua na kuficha makosa. Nilifanya hivyo jioni, peke yangu. Dakika ya kwanza ilikuwa moshi na vanila. Dakika ya tatu ilikuja harufu ya karakana ya seremala, ubao mbichi uliopigwa randa asubuhi ile. Na chini ya ubao, palepale nilipoyaacha Aprili, palikuwa na mahindi ya kuchemsha na kitambaa kibichi. Ulimini ilianza tamu kidogo, halafu ukakasi ukakaza mashavu kama ndizi mbichi isiyomenywa vizuri. Niliongeza maji, ukakasi ukabaki. Nikakumbuka kwamba sikuwa nimepinga ile hesabu ya tajiri, na usingizi ukanipaa.

Vipimo vilithibitisha upande mmoja tu wa habari. Mizani ilionyesha kila pipa dogo limepoteza uzito mwingi kuliko tulivyokadiria, na haidromita, chombo cha kupimia kileo, ilisoma asilimia 64 na ushee. Kileo kilikuwa kimepanda badala ya kushuka, maana yake maji yalikuwa yakitoka pipani kwa kasi kuliko alkoholi. pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka asidi ikizidi, ilikuwa imeshuka kutoka juu ya 5 hadi karibu na 4, dalili kwamba asidi za mbao zimeingia. Kipimo cha kuniambia kama wiski imekua sikuwa nacho. Nilikuwa na pua ya mzee.

Mkutano wa Januari

Mwezi wa tisa, tajiri, mpishi, mzee wa ghala na mimi tulikaa mezani. Mezani palikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuweka yote kwenye chupa mapema iwezekanavyo. Tajiri aliitaka, na sababu yake haikuwa tamaa: miezi miwili ya malipo ya mkopo ilikuwa mbele yake na jini lilikuwa haliuziki vizuri wakati wa baridi. Mtu anayemlaumu akae kwanza kwenye kiti kile.

Ya pili ilikuwa kuacha mapipa madogo mpaka yatimize miaka 2, ili neno "straight" liandikwe kwenye lebo. Mpishi aliitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba makali hupungua kwa kukaa, na kama miezi tisa imetoa ukakasi, miezi ishirini na minne itautuliza.

Ya tatu ilikuwa ya mzee. Tutoe pombe kwenye mapipa madogo, tuihamishie kwenye mapipa makubwa yaliyokwisha kutumika, ambayo kwa kuwa bourbon inadai pipa jipya kila mara, yanapatikana Kentucky kwa bei nafuu. Mbao zake zimekwisha kutoa nguvu ya kwanza. Pombe ikae humo ipumue. Gharama ya njia hii ilikuwa ya kisheria: umri wa bourbon huhesabiwa kwa muda uliokaa kwenye pipa jipya lililochomwa, kwa hiyo kila mwezi ndani ya pipa la zamani ungekuwa mwezi usioandikika kama umri wa bourbon. Tajiri alisema, na nadhani ilikuwa haki yake kusema, kwamba tunamwomba alipie muda ambao hawezi kuuuza.

Tuligawanya. Mapipa 12 yangewekwa kwenye chupa Machi, umri wa miezi 11 ukiandikwa wazi. Mapipa 14 yangebaki juu hadi miaka 2. Mengine 14 yangehamishwa. Haukuwa uamuzi wa kisayansi, ulikuwa suluhu baina ya watu waliochoka. Lakini kwa bahati ulitupa kitu ambacho viwanda vidogo huwa havina: pombe ileile, ya siku ileile, ikipita njia tatu.

Mapipa 14 yalikuwa na wastani wa lita 33 kila moja. Yalijaza mapipa makubwa mawili ya zamani, na lita 60 hivi zilizobaki zikaingia tangi la chuma. Tuliyaweka makubwa hayo sakafuni, upande wa kaskazini wa ghala.

Matokeo

Chupa za Machi ziliuzika mwezi wa kwanza kwa sababu ya rangi. Mwezi wa pili hazikurudiwa. Baa moja ilirudisha sanduku zima, na mhudumu wake akaandika kwamba wateja wanasema wanakunywa samani. Wengine walilalamikia uchungu unaobaki kooni. Hakuna aliyelalamikia ukosefu wa vanila.

Mapipa 14 yaliyobaki juu yalipita kiangazi cha pili chini ya bati. Yalipofunguliwa mwezi wa 26, pombe ilikuwa nyeusi kama sharubati ya ukwaju na kileo kimefika asilimia 68. Zaidi ya robo ya ujazo ilikuwa imekwenda hewani au imenywewa na mbao. Kwa pua kulikuwa na mkaa, karafuu kali na gome. Kwa ulimi haikunyweka. Ile hoja kwamba muda ungeutuliza ukakasi ilijibiwa: muda ulikuwa ukiuongeza, kwa sababu mbao zilikuwa bado zinatoa. Hatukuimwaga. Tuligundua kwamba ukitia sehemu 5 kati ya 100 kwenye wiski nyingine iliyo nyepesi, inaipa uti wa mgongo, kama chumvi kwenye mchuzi. Lakini hakuna anayefungua kiwanda ili apike chumvi.

Yale mapipa mawili ya zamani ndiyo yaliyotushangaza. Mwezi wa 26 rangi ilikuwa karibu ileile ya siku ya kuhamisha. Ukakasi ulikuwa umelegea, ubao mbichi ulikuwa umekwenda mbali, na katikati palijitokeza kitu ambacho hakikuwapo Machi: matunda yaliyokaushwa, tende hasa, na tui la nazi. Haikuwa wiski kubwa. Mkia aliouachia mpishi ulikuwa bado unanong'ona chini kabisa. Lakini ilinyweka, iliuzwa kwa jina lingine lisilo bourbon, na haikurudishwa na mtu.

Lita 60 za tangi la chuma zilitoka kama zilivyoingia, na ukakasi wake wote.

Mapipa makubwa 12 ya siku ya kwanza hatukuyagusa. Tulifungua matatu yalipotimiza miaka 4.

Uchambuzi: kazi za pipa hazina mwendo mmoja

Kosa letu la msingi lilikuwa kulichukulia neno "kuiva" kama jambo moja. Ndani ya pipa kuna kazi kadhaa zinazokwenda pamoja, na pipa dogo huharakisha baadhi tu.

Kazi ya kwanza ni kuchota. Mwaloni umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi, lignini na tanini, hiyo ya mwisho ndiyo yenye ukakasi. Moto wa mtengeneza mapipa huvunja hemiselulosi kuwa sukari za mbao zilizoungua, zinazotoa karameli, na furfurali yenye harufu ya lozi na mkate wa kuokwa. Huvunja lignini kuwa vanilini, molekuli ileile iliyo kwenye tunda la vanila linalolimwa Madagascar, Komoro na Uganda, na pia kuwa guaikoli yenye moshi. Mwaloni una yujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu ya Pemba. Una laktoni za mwaloni, na hapo ndipo nazi inapotoka: mwaloni mweupe wa Marekani, *Quercus alba*, una nyingi kuliko ndugu zake wa Ulaya. Nilipoinusa mara ya kwanza kwenye maabara ile ya baridi niliona jikoni ya Tanga. Rangi na tanini hutoka kwa njia hii pia. Kuchota huanza siku ya kwanza na hukimbia, na pipa dogo hukimbiza zaidi. Rangi ya Oktoba ilikuwa ripoti ya kazi hii peke yake.

Kazi ya pili ni kuondoa. Tabaka la mkaa hunasa sehemu ya salfa, na vitu vyepesi vya salfa hupotea hewani. Kabichi ya Aprili ilikuwa imetoweka kwenye mapipa yote kufikia mwaka wa kwanza, kwa hiyo mpishi hakuwa amekosea kabisa. Alikosea kiasi. Mkaa haung'oi asidi nzito za mafuta na alkoholi nzito za mkiani. Zinabaki, na maji yanapoondoka zinakuwa nyingi kwa kila lita. Niongeze jambo ambalo watu huniuliza kila ninaporudi nyumbani: pipa haliondoi methanoli. Pombe iliyopikwa vibaya ikawa na sumu, itakuwa na sumu hata ikilala miaka kumi kwenye mwaloni bora. Usalama ni wa mtamboni na wa malighafi.

Kazi ya tatu ndiyo iliyotukosa. Pipa hupumua. Hewa hupenya kidogo kidogo katikati ya mbao na kwenye viungio, na kadiri pombe inavyopungua, nafasi ya juu ya pipa hujaa hewa. Oksijeni hiyo, ikisaidiwa na tanini na chembe za shaba zilizotoka mtamboni, hugeuza sehemu ndogo ya alkoholi kuwa asetaldehaidi, nayo ikaendelea kuwa asidi ya siki. Asidi hukutana na alkoholi na kuzaa esta, na esta ndizo zenye matunda. Asetaldehaidi nayo hushikana na alkoholi kuwa asetali, na ule ukali wa kuchoma pua ukalainika. Vanilini yenyewe huendelea kubadilika. Tanini kubwa za ukakasi huvunjika taratibu kuwa asidi ndogo zisizokaza mdomo. Haya yote ni polepole, ya misimu na misimu. Mbao nyingi kwa kila lita haziyapi kasi ileile zinayoipa rangi.

Kwa hiyo pipa dogo linatoa tanini kwa mwendo wa farasi huku kazi ya kuzilainisha inakwenda kwa mwendo wa kobe. Ukisubiri kobe afike, farasi amekwisha kumaliza shamba. Ndiyo maana njia ya mpishi, ya kuacha tu, ilizidisha ubaya, na njia ya mzee ilisaidia: pipa la zamani lilimfunga farasi na kumwachia kobe aendelee. Na ndiyo maana tangi la chuma halikufanya lolote. Mle hamna mbao, na pumzi haipiti.

Ushahidi wa nje ulikuwapo kabla yetu na hatukuutafuta. Buffalo Trace, kiwanda kikongwe cha Kentucky, kilijaza pombe ileile kwenye mapipa ya galoni 5, 10 na 15 mwaka 2006, kikayaonja kila mwaka, na mwaka 2012 kikatangaza hadharani kwamba jaribio limeshindwa: rangi na moshi vilikuja haraka, kina cha ladha hakikuja. Kiwanda chenye uwezo wote ule kilikuwa kimelipa ada ya somo hili miaka sita, kisha kikaligawa bure. Ninauheshimu sana uungwana huo.

Joto na ukavu wa ghala

Hapa sitakaa sana, ila lisipotajwa kisa hakieleweki. Uskoti, penye baridi na unyevu, pipa hupoteza karibu asilimia 2 kwa mwaka, na kileo hushuka, kwa sababu hewa yenye unyevu huzuia maji yasitoke ilhali alkoholi inatoka. Kentucky upotevu ni asilimia 4 au 5 kwa pipa kubwa, na kwenye sehemu za juu zenye joto na ukavu maji hutangulia na kileo hupanda. Bangalore, India, watengenezaji hutaja asilimia 10 na zaidi. Sisi, kwa kuweka mapipa madogo chini ya bati, tulijitengenezea Bangalore yetu ndogo. Mbao zilitanuka, pombe ikasukumwa ndani yake mchana na kurudishwa usiku, na kila safari ilirudi na tanini. Yeyote anayefikiria kuzeesha pombe ya miwa huko Afrika Mashariki aanzie hapa: joto letu litampa rangi upesi sana, na hilo ndilo la kuogopa. Achague pipa kubwa, hata lililotumika, na ghala lenye kuta nene kabla hajachagua kitu kingine.

Tuliyobadilisha

Mkia sasa unakatwa mapema. Tunapoteza lita, na mpishi ndiye aliyependekeza mwenyewe baada ya kuonja pipa la miezi 26 kimya kwa muda mrefu.

Kileo cha kuingilia tumekishusha hadi asilimia 55. Huo ulikuwa ukomo wa kisheria wa bourbon hadi 1962 ulipopandishwa. Pombe yenye maji zaidi huchota sukari za mbao vizuri, na mwishoni hutiwa maji machache, hivyo ladha haisuuzwi. Inagharimu mapipa zaidi. Bado naiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Mapipa madogo hatununui tena. Bati limewekewa kizuizi cha joto, na rafu ya juu ipo tupu.

Rangi tumeiondoa kwenye uamuzi: waonjaji hutumia glasi za buluu nzito zisizoonyesha kilichomo, na kila sampuli hunuswa ikiwa asilimia 20 kabla haijanuswa kwa nguvu yake. Kama tungefanya hivyo Oktoba ile, watu wanne wasingesema tumefaulu. Na kama ningepaza sauti wiki ileile badala ya kungoja mkutano wa Januari, pombe ingehamishwa mwezi wa sita ikiwa na ukakasi nusu. Hilo ni langu, si la tajiri wala la mpishi.

Siku tulipofungua yale mapipa makubwa matatu ya miaka 4, nilitoa kabatini chupa ya kioo ya siku ya kwanza na kuvunja nta. Niliimimina kwenye glasi, na pembeni yake nikaweka wiski ya pipa kubwa, zote zimetiwa maji sawasawa. Ya kioo ilinuka mahindi ya kuchemsha, pea, ndizi na kabichi, sawa na Aprili ile, kana kwamba miaka minne haikupita. Ya pipa ilikuwa na tende, karafuu, tui la nazi na ngozi ya kiti cha zamani, na mkia wa mpishi nilipoutafuta niliukuta umejikunja chini ya karameli. Mzee wa ghala alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, akairudia ya pili.

"Hii koti iko yake," akasema, na safari hii akaonja.

Makubwa tisa bado yamelala upande wa kaskazini. Tumekubaliana kuyaonja kila Oktoba.